Insha, maswali ya kuchagua au majibu mafupi: mtihani wa maandishi wa wanafunzi wa udaktari uwe wa namna gani?

Mhadhiri Mpya aliandika:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninafundisha magonjwa ya watoto katika chuo kimoja cha udaktari hapa Tanzania, na muhula huu mkuu wa idara amenikabidhi kazi ambayo mwanzoni niliiona ndogo, yaani kuandaa pendekezo la muundo mpya wa mtihani wa maandishi wanaoufanya wanafunzi wa mwaka wa tatu wamalizapo mzunguko wao wa wodini. Wanafunzi ni 180. Mtihani uliopo una insha sita, zote za lazima, pamoja na maswali 40 ya kweli au si kweli ambayo kila jibu lenye kosa humpunguzia mwanafunzi alama moja. Mtihani wa vitendo, yaani OSCE, unajitegemea na haumo katika swali langu.

Kikao cha kwanza cha idara kiligawanyika pande tatu. Walimu wetu wakubwa wanasema insha ndiyo pekee inayomlazimisha mwanafunzi kufikiri na kupanga hoja, na kwamba maswali ya kuchagua, yale ambayo kila mtu chuoni anayaita MCQ, ni kamari iliyovishwa joho. Vijana wanataka MCQ 100 na si kitu kingine, kwa sababu ya wingi wa wanafunzi. Upande wa tatu hauna neno mradi kweli au si kweli ibaki, kwa kuwa tunayo maswali mengi ya namna hiyo yaliyokusanywa kwa miaka.

Kabla ya kuja hapa nilipiga hesabu kidogo. Insha 6 kwa wanafunzi 180 ni insha 1,080, na kama kila moja itasomwa kwa dakika 8, kazi nzima ni saa 144. Mwaka jana matokeo yetu yalitoka baada ya siku tano, nasi wasahihishaji tulikuwa wawili, wenye wodi za kuzungukia kila asubuhi. Kila mmoja wetu anaijua maana ya hesabu hiyo, ingawa hakuna aliyeitamka kikaoni. Tena kuna kitabu kimoja cha majibu ambacho kwa bahati mbaya kilipita mikononi mwetu sote wawili bila kila mmoja kujua kwamba mwenzake amekwisha kukisahihisha, kila mmoja akiandika alama zake kwenye orodha yake. Kwa insha ya kuhara mwenzangu alimpa mwanafunzi yule 14 kati ya 20, na mimi nilikuwa nimempa 8.

Naomba wenye uzoefu wanisaidie. Je, utafiti umekwisha kuamua ni aina gani ya maswali iliyo bora? Na kama jibu ni kuchanganya, uwiano uweje?

Mtahini wa Zamani alijibu:

Mhadhiri Mpya, umefanya vyema kuzitaja hizo saa 144 mbele ya watu, kwa maana mimi nimekuwa mtahini wa ndani na wa nje kwa miaka mingi, na nimeviona vitabu vya majibu vyenye alama ya vema pembezoni mwa kurasa ambazo ni dhahiri hazikusomwa.

Utafiti haujaitawaza aina yoyote ya maswali, ila umeonyesha kwamba mabishano kama yenu huanzia mahali pasipo pake. Swali la mtihani lina mambo mawili ndani yake: lile unalomtaka mwanafunzi alifikirie, na namna jibu lake litakavyopokelewa karatasini. Lambert Schuwirth na Cees van der Vleuten, waliolifanyia kazi jambo hili kwa muda mrefu pale Maastricht, Uholanzi, wamesisitiza kwamba la kwanza ndilo linaloamua ni fikra gani itakayopimwa, na kwamba la pili lina uzito mdogo kuliko tunavyodhani. Idara yenu inagombania la pili.

Chukua kuhara huko huko. Insha isemayo "Jadili matibabu ya mtoto anayeharisha" inaonekana nzito, lakini mwanafunzi aweza kuijibu kurasa tatu kwa kuumwaga mwongozo alioukariri, asifanye uamuzi hata mmoja. Sasa soma hili: mtoto wa miezi 18 mwenye uzito wa kilo 10 ameharisha kwa siku mbili, amelegea, macho yamezama, hawezi kunywa, na ngozi ya tumbo ikivutwa inachukua zaidi ya sekunde mbili kurudi, apewe nini, kwa njia gani na kiasi gani katika nusu saa ya kwanza? Ukiwawekea majibu matano wachague, au ukiwaachia mstari mmoja waandike wenyewe, kazi ya akili inakaribia kuwa ileile. Ni lazima atambue kwamba huu ni upungufu mkali wa maji mwilini, akumbuke kwamba mtoto aliyetimiza mwaka mmoja hupewa mililita 30 kwa kila kilo ndani ya dakika 30 na kisha mililita 70 kwa kila kilo kwa saa mbili na nusu, halafu afike kwenye mililita 300 za Ringer's lactate kwa njia ya mshipa. Aliyechanganya ratiba hii na ile ya mtoto wa chini ya mwaka mmoja atakuja na mililita 150, nawe utakuwa umelikamata kosa lenyewe, jambo ambalo insha ya kurasa tatu ingelifunika kwa maneno mazuri.

Upande wa pili, MCQ inayouliza tu ni ipi kati ya dalili zifuatazo ni ya upungufu mkali wa maji haina tofauti na kukariri kwa insha. Ndiyo maana nasema wakubwa wenu wana haki ya kuilaumu MCQ waliyoizoea, na vijana wana haki ya kuilaumu insha waliyoizoea, na hakuna upande unaoilaumu ile iliyoandikwa vizuri kwa sababu yumkini hawajaiona.

Van der Vleuten aliandika mwaka 1996 kwamba thamani ya mtihani hutokana na mambo matano: uthabiti wa alama, uhalali wa kile kinachopimwa, athari yake kwa namna wanafunzi wanavyojifunza, kukubalika kwake kwa wanaohusika, na gharama. Akayapanga kwa kuzidisha, si kwa kujumlisha, kwa hiyo moja likiwa sifuri mtihani mzima ni sifuri. Insha zenu, kwa hesabu uliyoileta mwenyewe, zinakaribia sifuri mahali pawili, uthabiti na gharama, hata kama uhalali wake ungekuwa wa kujivunia.

Kuna jambo jingine ambalo huwashangaza walimu wengi. Mwaka 1978 Arthur Elstein na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba ustadi wa daktari katika kutatua tatizo moja hautabiri vyema jinsi atakavyolitatua lingine. Aliye hodari wa pumu si lazima awe hodari wa degedege. Kwa hiyo insha sita ni dirisha la mada sita katika fani nzima ya watoto, na mwanafunzi aliyebahatika kuzisoma hizo sita anafaulu huku mwenzake anayejua zaidi akianguka. Urefu wa muda na wingi wa visa ndivyo vinavyoleta uthabiti: kwa kanuni ya Spearman na Brown, mtihani wenye uthabiti wa 0.60, pale ambapo 1 ni ukamilifu, ukiurefusha mara mbili kwa maswali ya ubora uleule hufika 0.75. Hii inazihusu aina zote, hata insha, ila insha zikiwa nyingi kiasi cha kutosha hakuna binadamu atakayezisahihisha.

Daktari wa Mafunzo Kazini alijibu:

Shikamooni walimu wangu. Mimi ni intern, na mtihani wa namna hiyo niliufanya si zamani sana, kwa hiyo naomba niseme yanayojulikana upande wa pili wa meza.

Insha zilikuwa zinatabirika. Tulikuwa na madesa yenye mitihani ya miaka minane nyuma, na mtu yeyote aliyeketi nayo kwa jioni moja aliona kwamba mada ni kama kumi na mbili zinazozunguka. Niliandaa insha kumi na mbili, nikazikariri pamoja na vichwa vyake vya habari, na nne zikatoka. Nilipata alama nzuri mno katika somo hilo. Halafu miezi michache iliyopita, usiku, nikiwa zamu peke yangu na muuguzi mmoja, aliletwa mtoto mwenye malaria kali anayetetemeka kwa degedege, na kitu ambacho muuguzi alinikumbusha kabla sijakumbuka mwenyewe ni kupima sukari ya damu. Katika insha yangu ya malaria kali, sukari ya damu ilikuwa imeandikwa kwenye orodha ya matatizo, namba saba. Niliijua, lakini sikuwahi kuulizwa ni wakati gani inatangulia mengine yote.

Kuhusu alama za kukatwa, naomba mjue kwamba haziwazuii wanaobahatisha, zinawazuia waoga. Rafiki yangu mmoja, ambaye wodini alikuwa akitufundisha sisi wengine, aliacha maswali kumi na moja wazi kwa hofu ya kukatwa, na tulipoyapitia baadaye alikuwa anayajua karibu yote. Mimi nilijibu yote.

MCQ nazo zina ugonjwa wake. Mhadhiri akiwa na maswali 200 na akayarudia kila mwaka, baada ya miaka mitatu maswali hayo yako kwenye simu ya kila mwanafunzi, na sioni tofauti kubwa kati ya hapo na zile insha zangu kumi na mbili.

Mratibu wa Mitihani (Kenya) alijibu:

Nawasalimu kutoka upande wa pili wa mpaka. Ninaratibu mitihani ya kitivo kwa miaka tisa sasa, na ningependa kuanza na upande wa tatu wa idara yako, wale wa kweli au si kweli, kwa sababu nadhani hao ndio wanaopaswa kushindwa mapema zaidi.

Alama ya kufaulu katika vyuo vyetu vingi ni 50 kwa mia. Mtu asiyejua chochote akirusha sarafu katika maswali 100 ya kweli au si kweli, wastani wake ni 50. Ili kuliziba tundu hilo ndipo walimu wakabuni kukata alama, na kwa kufanya hivyo wakaanza kupima ujasiri wa mtu pamoja na elimu yake, kama daktari kijana alivyoeleza hapo juu. Lakini hata hilo si tatizo kubwa kabisa. Mwanafunzi anayejua kwamba kauli fulani si kweli hajakuonyesha kwamba anaijua iliyo kweli. Na kwa kuwa kauli lazima iwe ya kweli bila shaka au ya uongo bila shaka, ilhali tiba ni elimu ya "mara nyingi" na "inategemea", mtunzi hujikuta akikimbilia mambo madogo yasiyo na ubishi: idadi ya mifupa, jina la kimeng'enya, mwaka wa ugunduzi. Mtihani wa uanachama wa vyuo vya kifalme vya matabibu Uingereza ulikuwa wa namna hiyo kwa miaka mingi, pamoja na kukata alama, kabla haujahamia kwenye kuchagua jibu lililo bora kati ya matano mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Sasa kwa vijana wanaotaka MCQ 100. Ninakubaliana nao kwa sharti moja, nalo ni kwamba wakae chini waandike, maana nafuu ya kusahihisha MCQ hulipwa mapema wakati wa kutunga. Swali moja zuri la kisa hunichukua karibu saa nzima, pamoja na kulijadili na wenzangu. Kipimo changu cha kwanza ni kuyafunika majibu yote kwa mkono na kuuliza kama mtu anayejua anaweza kulijibu swali kwa kusoma shina lake tu, yaani maelezo na swali lililo juu ya majibu. Ikiwa hawezi, basi shina halina swali ndani yake, na majibu yenyewe ni kauli tano za kweli au si kweli zilizofungwa kamba moja. Baada ya hapo natazama makosa yanayomsaidia mjanja: jibu sahihi kuwa refu kuliko mengine, sarufi ya shina kukubaliana na jibu moja tu, "yote yaliyotajwa ni sahihi", maneno kama "daima" na "kamwe" ambayo kila mwanafunzi anajua kuyakwepa. Zile za "1, 2 na 3 ni sahihi" nilizifuta kabisa, kwa sababu mtu akiwa na hakika na kimoja anayatoa mengine kwa hesabu tu.

Msihangaike pia kutafuta vipotoshi vinne, yaani majibu yasiyo sahihi, kwa kila swali. Michael Rodriguez alikusanya tafiti za miaka 80 na kuchapisha mwaka 2005 hitimisho kwamba majibu matatu yanatosha, na uzoefu wangu unakubaliana naye: kila ninapochambua matokeo naona kipotoshi cha nne kimechaguliwa na wanafunzi wawili kati ya 150, tena labda kwa kuteleza kwa kalamu. Idara yangu bado inatumia matano kwa sababu kanuni za chuo zinasema matano. Nimechoka kubishana.

Jambo la mwisho ni lugha, na silioni likizungumzwa vya kutosha. Wanafunzi wetu wanasoma na kutahiniwa kwa Kiingereza, lakini wao huwahoji wagonjwa kwa Kiswahili au kwa lugha za nyumbani. Insha inapima udaktari na Kiingereza kwa pamoja, na msahihishaji aliyechoka hupendezwa na anayeandika vizuri. Shina refu la MCQ nalo laweza kuwa mtihani wa kusoma haraka. Mimi huandika sentensi fupi, naepuka ukanushi ndani ya ukanushi, na kila muhula namwomba mwalimu asiye wa fani yangu asome kila swali na kuniambia kwa Kiswahili linauliza nini. Akishindwa, kosa ni langu.

Mwalimu wa Afya ya Jamii alijibu:

Naona insha inazikwa kabla haijakata roho, kwa hiyo niruhusuni niitetee kidogo.

Yote yaliyosemwa kuhusu usahihishaji ni kweli, tena si mapya: mwaka 1912 Starch na Elliott huko Marekani walizituma karatasi zilezile za Kiingereza kwa walimu wengi wa sekondari, na alama zikatofautiana mno kutoka kwa mwalimu mmoja hadi mwingine. Mhadhiri Mpya na zile 14 na 8 zake yuko katika ukoo mkubwa. Lakini kuna mambo ambayo daktari huyafanya kwa kuandika, na hayawezi kupimwa kwa kuweka duara kwenye herufi. Daktari huandika barua ya rufaa. Huandika muhtasari wa mgonjwa anayeruhusiwa. Huandika maelezo ya kifo ambayo yatasomwa na watu wasiokuwepo. Katika somo langu huandika mpango wa kukabili mlipuko wa kipindupindu kwenye kata yenye visima vitatu na zahanati moja, na hapo ninataka kuona anapima nini dhidi ya nini, na anaacha nini kwa makusudi kwa sababu fedha haitoshi.

Kwa hiyo mimi sisemi "jadili". Ninampa mwanafunzi faili la mgonjwa la ukurasa mmoja, lenye mambo mengi yasiyohitajika, na kumwambia aandike barua ya rufaa isiyozidi maneno 150 kwenda hospitali ya mkoa. Mwongozo wa usahihishaji una vipengele vinane, na kila kipengele kipo au hakipo. Barua moja hunichukua dakika mbili. Kila swali husahihishwa na mtu mmoja kwa vitabu vyote, jina likiwa limefichwa, na ninamaliza swali la kwanza kwa wanafunzi wote kabla sijagusa la pili, ili uzuri wa jibu la kwanza usimbebe mtu katika la pili. Mambo haya ni madogo, nayo hupunguza tofauti za wasahihishaji kuliko semina yoyote niliyowahi kuhudhuria.

Swali moja la namna hii katika mtihani linatosha. Mawili ni mengi.

Mhadhiri Mpya aliandika:

Nawashukuru nyote, na shikamoo kwa wakubwa. Nimekaa na majibu yenu kwa siku tatu na nimeandika rasimu, ambayo naomba mnikosoe kabla sijaipeleka kikaoni.

Nimeanza na jedwali la utahini, si na aina za maswali: upande mmoja magonjwa na hali ambazo mwanafunzi wa mwaka wa tatu lazima azimudu, upande mwingine kazi anazotakiwa kuzifanya, yaani kutambua, kuchunguza, kuanza matibabu, kufuatilia na kutoa rufaa. Jedwali limenipa visa 66 hivi. Kati ya hivyo, 50 nitaviandika kama MCQ zenye kisa, majibu matano kwa sababu sisi pia tuna kanuni ya matano. Kweli au si kweli inaondoka yote. Barua ya rufaa nimeikubali, moja.

Vinavyobaki ndivyo vinavyonisumbua. Ni visa kama kumi na tano ambavyo nikiandika majibu ya kuchagua, jibu lenyewe linamkumbusha mwanafunzi. Mfano wa daktari kijana wa sukari ya damu ni mmojawapo, kwa maana nikiliweka neno "pima sukari" kati ya matano, kila mtu ataliona. Je, hivi niviulize kwa jibu la maandishi mafupi?

Mtahini wa Zamani alijibu:

Ndiyo, na hapo umegusa mahali ambapo namna ya kujibu ina maana kweli. Jibu lililoandikwa tayari hutoa dokezo, na dokezo hilo humnyanyua asiyejua, ingawa mara nyingine pia humpotosha anayejua. Watu wa Imperial College London walilinganisha jibu la neno moja hadi matano na jibu la kuchagua kwa wanafunzi wa vyuo 20 vya Uingereza, na alama zilikuwa juu zaidi pale majibu yalipokuwa yamewekwa mbele yao. Kwao jibu fupi linaandikwa kwenye kompyuta na kusahihishwa kwa sehemu kubwa na programu. Kwenu karatasi inatosha: majibu 15 ya maneno machache kwa wanafunzi 180 ni majibu 2,700, na mtu aliyeshika mwongozo wenye majibu yanayokubalika husahihisha moja kwa sekunde kama tano, kwa hiyo mnazungumzia saa nne hivi, si 144.

Katika kuyatunga, fuata njia ambayo Georges Bordage na Gordon Page waliijenga kwa ajili ya Baraza la Madaktari la Kanada, na ambayo iliingia katika mtihani wao wa kitaifa mwaka 1992. Kwa kila kisa unajiuliza ni hatua gani moja au mbili ambazo mtu akizikosa, mgonjwa anadhurika, au ambazo madaktari wapya huzikosea mara kwa mara. Kisha unauliza hizo tu na kuacha mengine. Huulizi historia yote wala vipimo vyote. Na usitunge kisa kirefu chenye sehemu (a) hadi (f) ambamo aliyekosa (a) amekosa zote. Tuliyaona hayo katika maswali ya insha ya hatua kwa hatua, yale ambayo madaktari wa familia wa Uingereza waliyaeneza miaka ya 1970, na tulilazimika kukusanya kila ukurasa kabla ya kugawa unaofuata ili watu wasirudi nyuma kurekebisha.

Alama ya kufaulu nayo ijadilini. Hamsini kwa mia haina maana yoyote mtihani ukibadilika. Njia ya Angoff ya mwaka 1971 si ngumu: walimu sita au zaidi wanalipitia kila swali na kukadiria ni wangapi kati ya wanafunzi 100 walio mpakani mwa kufaulu na kuanguka watakaolipata, kisha mnachukua wastani, nao ndio unaokuwa alama ya kufaulu. Kama kanuni za chuo hazikubali alama nyingine zaidi ya 50, basi angalau mtajua mtihani wenu ni mwepesi au mgumu kiasi gani mkilinganisha na hiyo 50.

Tuwekee swali moja ulilokwisha kulitunga, tulione.

Mhadhiri Mpya aliandika:

Hili hapa. Linapima kosa ambalo nimeliona kwa wanafunzi kila mwaka, la kumwekea dripu mtoto mwenye utapiamlo mkali.

"Mtoto wa miezi 14 mwenye uzito wa kilo 6.8 ameletwa akiwa ameharisha kwa siku tatu. Miguu yote miwili imevimba, macho yamezama, na ngozi ya tumbo inarudi polepole. Andika aina ya maji atakayopewa na njia ya kumpa."

Jibu: ReSoMal (maji ya chumvi na sukari yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wenye utapiamlo mkali), kwa mdomo au kwa mpira wa puani.

Mtahini wa Zamani alijibu:

Wazo ni zuri, na umefanya vyema kuyaweka ndani macho yaliyozama na ngozi inayorudi polepole, kwa sababu katika utapiamlo mkali dalili hizo hazitegemeki na mwanafunzi anapaswa kulijua hilo. Lakini hujatuambia kama yuko katika mshtuko au la. Mtoto huyo huyo akiwa amezimia, mikono baridi na mapigo dhaifu, dripu inaweza kuwa sahihi, tena kwa uangalifu mkubwa, na wanafunzi watakaoandika dripu watakuja ofisini kwako na mwongozo mkononi, nao watakuwa na haki.

Mratibu wa Mitihani (Kenya) alijibu:

Naongeza kimoja tu. "Aina ya maji" itakuletea majibu kama "maji ya kunywa" na "ya chumvichumvi". Uliza kiasi cha nusu saa ya kwanza, utajua nani anakifahamu anachokiandika.

Mhadhiri Mpya aliandika:

Nimerekebisha. "Mtoto wa miezi 14 mwenye uzito wa kilo 6.8 ameletwa akiwa ameharisha kwa siku tatu. Yuko macho na anakunywa kwa kiu. Miguu yote miwili imevimba, macho yamezama, na ngozi ya tumbo inarudi polepole. Mikono ina joto, mapigo ya mkononi yana nguvu, na ukucha ukibonyezwa rangi inarudi ndani ya sekunde mbili. Andika jina la maji atakayopewa, njia ya kumpa, na kiasi cha nusu saa ya kwanza kwa mililita."

Jibu: ReSoMal, kwa mdomo au kwa mpira wa puani, mililita 34, na mwongozo utakubali 30 hadi 35. Jana nilimpa mwenzangu wa zile alama 14 asahihishe majibu kumi ya majaribio niliyoyaandika mwenyewe, nami nikayasahihisha kando bila kuonana naye. Tumetofautiana kwenye moja, ambapo mwandishi aliandika "ORS maalumu ya utapiamlo". Mwongozo sasa unasema inakubalika.